Tumbo la Baba Rukia na Safari ya Mumias

Wenzangu wa chama cha Alhamisi, mmeniuliza mpaka nimechoka. Kila ninayekutana naye sokoni ananishika mkono: "Mama Rukia, hivi ni kweli Baba Rukia alishushwa kwenye basi?" Mwingine kasikia alilazwa hospitali. Mwingine, Mungu amsamehe, kasikia harusi ilivunjika. Basi leo nasimulia mara moja, tuelewane, tuendelee na maisha yetu. Baba Rukia mwenyewe amenipa ruhusa. Aliniambia tu, "Lakini usiongeze chumvi." Nikamjibu, "Mzee, chumvi ndiyo iliyokuinua kitandani." Akacheka huku ameshika tumbo, lile lile.

Mnajua shughuli yenyewe. Rukia ndiye mtoto wetu wa pekee. Anafundisha Mumias na anaishi kwa wifi yangu Zainabu, dada mkubwa wa Baba Rukia, ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri. Mchumba naye kampata huko huko, kwa hivyo tukakubaliana ndoa ifungwe kwa wifi, Jumapili baada ya swala ya adhuhuri. Kwetu Waislamu, baba ndiye anayemwozesha binti yake kwa kinywa chake. Akishindwa kufika anaweza kumweka wakala, mtu wa kusema yale maneno kwa niaba yake, na dini haina neno. Lakini wiki ile Rukia alimpigia baba yake simu akamwambia, "Baba, sitaki wakala. Nataka nisikie sauti yako." Baba Rukia alikata simu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Mimi nilijifanya nachagua mawe kwenye maharagwe.

Machakos hadi Kyumbi

Jumamosi tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, kukiwa na baridi ile ya kwetu ya kuuma masikio. Mizigo yetu ilikuwa sanduku moja, kanzu mpya ya Baba Rukia kwenye mfuko wake wa nailoni, na hotpot, lile bakuli la kutunza chakula kikiwa moto.

Hiyo hotpot ndiyo mwanzo wa mambo. Kaka yangu Mutuku alikuja nayo kutoka Kathiani jana yake mchana, imejaa muthokoi: mahindi yaliyokobolewa, maharagwe, viazi, na mafuta ya kutosha. Mke wake aliipika asubuhi ile kwa upendo wote. "Shemeji asile vitu vya barabarani," Mutuku alisema. Alikuwa anamjua mtu wake. Mume wangu ana bucha, na mtu wa bucha haamini nyama ya mtu mwingine. Akisafiri hali hoteli, hali kibandani, na maji ya njiani hayagusi. Kwa hivyo hotpot ikafungwa kwa leso, ikalala jikoni usiku kucha, na asubuhi ikapakatwa kama mtoto mchanga.

Pale Kyumbi gari liliposimama kuchukua abiria, wauzaji walikuja dirishani na mayai, matikiti yaliyokatwa vipande, mahindi ya kuchoma. Mimi harufu ya mahindi ilinishika. Baba Rukia akafunga dirisha kwa nguvu.

"Watu wanakufa na vitu kama hivi," akasema.

"Mahindi ya moto yatamuua nani?"

"Mama Rukia, umeona mikono ya yule?"

Yule mama wa mahindi alisikia. Akatuangalia kupitia kioo, akacheka, akasema kwa Kikamba kwamba mzee ana maringo kama bwana harusi. Nikamjibu kwa Kikamba kwamba ni baba wa bibi harusi. Akatuombea baraka pale pale, akanipa hindi moja bure kupitia dirisha la mbele. Hilo hindi nililila lote, na mnaona mimi niko hapa.

Athi River

Karibu na Athi River lori lilikuwa limevunjika ekseli katikati ya barabara, na magari yamepangana mpaka usione mwisho. Tulikaa. Nilikuwa naona kwa mbali mapaa ya viwanda vya nguo vya EPZ, nilikoshona suruali ujana wangu wote kabla ya huyu bwana kuja kuniposa. Nilikuwa nikimwonyesha Baba Rukia lango tulilokuwa tukitokea, nikamsikia anafungua leso.

Akafunua hotpot. Harufu iliyotoka haikuwa ya muthokoi ninayoijua. Ilikuwa na ukali fulani puani.

"Baba Rukia, hiyo imechacha."

"Haijachacha. Ni moto bado."

"Si moto, ni vuguvugu. Tangu jana asubuhi! Tupa."

"Nitupe chakula cha shemeji yangu?" Akaniangalia kana kwamba nimemtukana Mutuku na ukoo mzima wa Kathiani. "Hiki ni chakula cha nyumbani."

Akala. Akala mpaka akakwangua. Mimi gari likitembea tumbo langu halitaki kitu zaidi ya hindi, kwa hivyo sikugusa, alhamdulillahi. Alipomaliza akatoa kikaratasi mfukoni, ndani mna vidonge vyeupe, akameza kimoja kavu kavu bila maji.

"Hiyo ni nini?"

"Ya kufunga tumbo. Nimenunua kwa kemisti. Safari ndefu, mtu hujifunga mapema."

Na hapa msimcheke peke yake, kwa sababu nusu yenu mnafanya hivyo. Mtu hata hajaugua, anapitia kemisti siku ya safari, anaomba za kufunga tumbo, eti asije akaaibika kwenye basi. Mimi mwenyewe nimewahi. Kwa hivyo nikamwacha.

Nairobi hadi Naivasha

Nairobi tulifika tumechelewa, basi la Kisumu likiwa linanguruma. Kondakta alikuwa kijana wa miwani anayeitwa Odu. Alituona tunakimbia na sanduku, akashuka akalibeba. "Mathe, msijali, hatuwezi acha watu wa harusi," akasema. Kanzu kwenye nailoni ilikuwa imetutangaza.

Tulipita Limuru vizuri. Baada ya Kinungi nikaona Baba Rukia amenyamaza na jasho limemtoka kwenye mdomo wa juu. Akanyoosha shingo, akamwita Odu, akamnong'oneza, "Kuna msikiti hapo mbele. Nisimamishie kidogo."

Mwangalieni mtu! Hakusema anakwenda kuswali. Aliacha watu waelewe wenyewe. Basi likasimama, naye akashuka mbio kuliko nilivyowahi kumwona akikimbilia msikitini. Abiria wakaanza kumsifu. Nyuma yetu alikuwa msichana anaitwa Faith, anashona EPZ pale pale nilipokuwa nikishona mimi, akienda likizo kwao Kericho. Akaniambia, "Mama, mzee wako anampenda Mungu, aki." Nikaitikia kwa kichwa.

Upande wa pili wa njia alikaa Mzee Athumani, Mwislamu wa Kisumu mwenye kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono. Baba Rukia aliporudi, Mzee Athumani akamuuliza kwa upole, "Sheikh, hii ilikuwa swala gani?"

Baba Rukia akafuta uso. "Dhuha," akasema.

Na kweli, ile swala ya sunna ya asubuhi ipo, na saa zake zilikuwa bado hazijapita. Mzee Athumani akafurahi, akasema mashallah. Lakini hatukwenda mbali. Kabla ya Naivasha Baba Rukia akamwita Odu tena. Odu akakuna kichwa. "Mzee, hapa hakuna msikiti."

"Simamisha tu."

Basi zima likamwangalia akiingia kwenye kichaka cha watu na chupa yake ya maji ya kujisafishia. Mzee Athumani aliinama, akaninong'oneza, "Dada, hiyo si dhuha." Nikashindwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na Faith akacheka, na Odu akacheka, na siri ikaishia hapo.

Naivasha hadi Nakuru

Ndugu zangu, Mkenya akisikia mwenzake anaharisha, anageuka daktari. Nasema hivi kwa shukrani. Watu wale walikuwa hawatujui, na kila mmoja alifungua mkoba wake.

Faith alitoa vidonge vya rangi mbili, kijani na kijivu, kwenye kipande cha karatasi ya fedha. "Hizi ndizo tunatumia kwa fektri. Ukiwa kwa laini, supervaiza hakupi ruhusa ya choo." Mzee Athumani alitoa vyake, vya manjano, ambavyo mwanawe alimletea kutoka Mombasa. Odu naye akatoa vya dereva kwenye droo ya mbele. Kila mmoja alimpa viwili, kimoja ameze sasa na kingine aweke. Baba Rukia hawezi kukataa kitu anachopewa kwa mkono wa heshima. Alisema asante, akameza, akaweka. Asante, akameza, akaweka. Mimi nilikuwa nahesabu baraka tu, sikuhesabu vidonge.

Halafu likaja swali la maji. Koo lilikuwa limemkauka, akatoa chupa ya maji ya kunywa. Basi zima likapiga kelele.

"Asikunywe!" akasema mama mmoja wa mbele. "Akikunywa itatoka yote."

"Bomba ikivuja si unafunga kwa tangi?" akasema dereva, bila kugeuza kichwa.

Ilionekana akili kabisa. Hata mimi nilikubali. Nikaichukua ile chupa mkononi mwake kwa mikono yangu hii, nikaiweka chini ya kiti. Akalamba midomo.

Na dawa zikafanya kazi. Tulipita Gilgil hajashuka. Tulipita Elementaita hajashuka. Watu wakapiga makofi, kila mmoja akidai kidonge chake ndicho kilichofanya kazi, na Faith na Mzee Athumani wakaanza kubishana kwa utani. Nilifurahi kama mwenda wazimu. Nikamwambia, "Baba Rukia, kesho utamwozesha mwanao."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ulimi mweupe. Akaniambia, "Zainabu, tumeshafika?"

Zainabu ni dada yake. Mimi nimeishi naye miaka yote hii na hajawahi kunikosea jina. Nikamshika tumbo chini ya koti, nikakuta limejaa, gumu, linauma hata kuguswa. Nikamuuliza amekojoa lini. Hakukumbuka. Nikapiga kelele, "Odu! Tushushe Nakuru!"

Nakuru

Walitushusha karibu na kituo, mbele ya kemisti. Basi zima lilisimama likitungoja, na hakuna hata mtu mmoja aliyeguna. Mzee Athumani na Odu walimshika Baba Rukia kwapani mpaka ndani.

Mwenye kemisti alikuwa mwanamke wa Kikalenjin, Daktari Chebet, mwenye koti jeupe na sauti ya taratibu. Hakuuliza tunataka dawa gani. Alimpima presha, akamfinya ngozi ya mkono akaiangalia inavyorudi polepole, akaniuliza kama kuna damu au homa. Hapakuwa na damu, wala homa. Kisha akasema, "Mama, nionyeshe kila kitu alichomeza."

Nikageuza mifuko ya koti juu ya kioo chake. Vikatoka vyeupe, vya kijani na kijivu, vya manjano, na vile vya dereva. Daktari Chebet akavipanga mstari, akasoma herufi ndogo nyuma ya zile karatasi za fedha, akatikisa kichwa.

"Hizi zote ni dawa moja."

"Hapana, daktari," nikasema. "Hii ni ya fektri, hii imetoka Mombasa..."

"Kampuni ni tofauti, na rangi. Ndani ni dawa moja. Mzee amemeza ile ile mara nne."

Mzee Athumani alikuwa bado amesimama mlangoni. Alivua kofia yake. "Yarabi," akasema, "tumemuua mtu kwa ukarimu."

"Hamjamuua," Daktari Chebet akasema. "Dawa yenyewe si mbaya, mtu mzima akiimeza vile imeandikwa. Lakini kazi yake ni kutuliza utumbo. Haimrudishii maji. Mnaona choo kimenyamaza mnadhani amepona, kumbe mwili umekauka. Kwa nini hamkumpa maji?"

Mimi niliangalia viatu vyangu.

Akatoa pakiti ndogo za unga, ile ORS ya chumvi na sukari ambayo sisi huona ni ya watoto wa kliniki. Alinieleza, akanifanya nirudie mpaka akaridhika: pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, isipungue wala isizidi. Asinywe kwa pupa. Anyweshwe kidogo kidogo, bila kuacha. Akitapika, ngoja kidogo, uanze tena. Kidonge kingine cha kufunga, hapana. "Na akifika magharibi hajakojoa, au uone damu, au azidi kuchanganyikiwa, au tumbo lizidi kufura, usirudi kwangu. Hospitali moja kwa moja, ni pale ng'ambo. Na leo hasafiri."

Leo hasafiri. Nilimshukuru, lakini maneno hayo yalinikata maini.

Basi halikuweza kungoja zaidi. Odu alishusha sanduku, akaahidi kuongea na wenzake watuchukue alfajiri. Faith alinikumbatia akilia. "Mama, si nilitaka kusaidia tu." Nikamwambia, "Mwanangu, umesaidia. Wengine wangegeuza uso." Na nilimaanisha hivyo, hata leo namaanisha.

Tulipata chumba kwenye gesti ya nyuma ya kemisti, ya mwanamke mnene mcheshi aitwaye Mama Njoki. Alipoona pakiti mkononi mwangu alikwenda mwenyewe kuchemsha maji, akaniletea jagi lake la kupimia maziwa, lenye mstari wa lita. Tukakoroga. Baba Rukia akaonja, akakunja uso.

"Ina ladha ya machozi," akasema.

"Kunywa."

Simu ikalia. Ilikuwa ni wifi Zainabu. Mzee Athumani, niliyempa namba yake kabla basi halijaondoka, ameshampigia kumpa habari. Wifi alikuwa na sheikh wa Mumias pale pale, wakasema tusijitese. Baba mdogo wa Rukia yupo, anaweza kuwa wakala, ndoa itakuwa halali na hakuna wa kumlaumu mgonjwa. Baba Rukia alisikia kila neno. Aligeukia ukutani.

"Waambie wamweke wakala," akasema. "Mama Rukia, nimeshindwa. Sina nguvu hata ya kuinua kichwa. Rukia atanisamehe."

Hapo hasira zikanipanda, sijui zilitoka wapi. Nililia na kufoka kwa pamoja. Nilimwambia, "Wakala anaweza kukusemea maneno. Haya maji hawezi kukunywea! Geuka huku!"

Akageuka. Nikachukua kijiko. Kijiko kimoja, anameza, natulia. Kijiko kingine. Mkono ukichoka, Mama Njoki anashika kijiko. Sisi wawili, Mkamba na Mkikuyu ambao asubuhi hatukujuana, tulimlisha mwanamume mzima kama kifaranga. Mama Njoki alimpigia hadithi za wageni wake, na Baba Rukia alikuwa anameza ili tu asikie mwisho. Kila nilipotazama dirishani jua lilikuwa limeshuka zaidi. Nilikuwa naliomba lisimame.

Adhana ya magharibi ilianza kusikika mjini. Nikafunga leso kiunoni, nikaanza kutafuta viatu vyake nimpeleke hospitali ng'ambo. Yeye akajiinua kwa kiwiko. "Nishike," akasema. Nilimpeleka hadi mlango wa choo, nikasimama nje nikishika ukuta. Kisha nikasikia, na sitawaeleza zaidi ya hapo. Akatokea mlangoni ameshika kitasa, uso wote unacheka.

"Mwende," akasema, kwa jina langu la nyumbani ambalo huliita tukiwa wawili tu, "nimekojoa."

Ndugu zangu, nimepokea habari nyingi njema maishani. Hiyo naiweka pale juu. Mama Njoki, ambaye alikuwa ukumbini, alirusha mikono juu akamshukuru Ngai, yaani Mungu, kwa sauti, mpaka wageni wa vyumba vingine wakafungua milango kuuliza nani ameshinda bahati nasibu.

Nakuru hadi Kisumu

Alfajiri alikuwa mtu. Mtu dhaifu, lakini mtu. Tumbo lilianza tena kuendesha kidogo, kama Daktari Chebet alivyosema lingefanya, ila sasa kila kilichotoka tulikirudisha kwa maji. Alikunywa uji mwepesi na nusu ya ndizi. Mama Njoki alinijazia chupa nne za maji yaliyochemshwa na akakataa tumshukuru zaidi ya mara moja.

Kondakta wa basi la asubuhi alimwangalia Baba Rukia kutoka kofia hadi viatu, akauliza kwa heshima zote, "Samahani, wewe ndio mzee wa dhuha?" Odu alikuwa amesambaza habari. Baba Rukia akainamisha kichwa. Alikunywa maji yake njia nzima, nakubali, lakini chupa aliificha ndani ya gazeti, na alipotaka kusimamishiwa alinifinya ili niombe mimi. Mtu wa watu! Amenusurika lakini hataki ijulikane amenusurika na nini.

Baada ya Kericho, majani chai yamelala kijani pande zote, tairi likapasuka. Jeki ilikataa, wakaazima nyingine kwa lori. Simu ya Rukia ikaingia. "Mama, mko wapi?" Nikadanganya kwamba tunaona Ahero, pale karibu na Kisumu. Akasema, "Mwambie Baba nangoja. Hata wakikasirika, nangoja." Nilimpa baba yake maneno hayo. Akavuta gazeti, akanywa mafunda matatu mfululizo.

Kabla ya Kisumu simu zilikuwa zimepigwa zote. Faith alipiga kutoka kwao. Mama yake naye akaomba kuongea nasi. Mzee Athumani alipiga, akasema hakulala. Odu alipiga. Hata Daktari Chebet alipiga, siku yake ya mapumziko, kuuliza amekojoa mara ngapi. Sijui tumefanya nini cha kustahili watu hawa.

Mumias

Kaka yake bwana harusi alitupokea Kisumu na gari, akaendesha kama anayefukuzwa. Tulipofika kwa wifi, watu walikuwa wametoka adhuhuri kitambo, wameketi kwenye mikeka chini ya turubai, na baba mdogo amekaa tayari karibu na sheikh. Wanaume walimpokea Baba Rukia mlangoni, wakamvalisha kanzu yake kwa haraka juu ya nguo za safari, wakampeleka mbele. Mimi nikaingia upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nikamkuta Rukia amefunikwa ushungi. Akanishika mkono, hakuniachilia.

Ndipo nilipoona gazeti liko kwangu, chini ya kwapa, na chupa ndani yake.

Kule mbele sheikh alisoma hotuba. Akamwambia Baba Rukia ashike mkono wa Swaleh, bwana harusi. Nilimsikia akisafisha koo. Akaanza, "Nime...", sauti ikakatika kama kitambaa kikavu. Akaanza tena, ikakatika tena. Sheikh akasema polepole, "Si vibaya, baba mdogo yupo hapa." Mkono wa Rukia ulikaza mpaka kucha zikaniingia.

Halafu nikasikia sauti ya mume wangu, yule ambaye tangu Kinungi alinong'ona, aliyejificha nyuma ya msikiti na nyuma ya gazeti. Alisema kwa sauti ya mtu anayeuza nyama sokoni:

"Ngojeni. Mama Rukia! Nimeharisha tangu jana. Niletee maji yangu!"

Turubai zima lilishangaa, kisha likacheka, na sheikh akacheka. Nikaipitisha chupa chini ya pazia. Ilikwenda mkono kwa mkono, wakwe kwa wageni, mpaka ikamfikia. Tulimsikia anavyomeza. Kisha akasema maneno yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwama: nimekuozesha binti yangu Rukia. Na Swaleh akaitikia kwamba amekubali.

"Ni yeye," Rukia akasema ndani ya ushungi. "Mama, ni sauti yake."

Vigelegele vikapasuka. Katikati ya vigelegele hivyo chupa ilirudi chini ya pazia, tupu, nikaikumbatia nikalia mbele ya wakwe zangu wote.